Utafiti wa tamaduni nyingi darasani: hesabu maswali ya mwalimu, usihesabu makabila

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya ualimu hapa Dodoma, mwaka wa tatu. Utafiti wangu ni juu ya elimu ya tamaduni nyingi na haki katika shule za msingi wilayani Chemba. Nimeandaa dodoso la wanafunzi 120. Linauliza kabila, kisha "Je, mwalimu wako anakubagua?" Msimamizi amelirudisha, ameandika kwamba halipimi ninachotaka. Nadharia yangu ni ya James Banks, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya tamaduni nyingi. Nirekebishe wapi?

Jibu: Marahaba. Msimamizi yuko sahihi, lakini mada usiiache, inahitajika sana.

Mtoto wa darasa la nne akiulizwa na mgeni mwenye karatasi kama mwalimu wake anambagua, atasema hapana. Utakusanya hapana 120, utaandika kwamba ubaguzi haupo, na yule anayemaliza wiki nzima bila kuulizwa swali hata moja atabaki hivyohivyo.

Swali la kabila nalo liondoe. Sensa ya mwisho kuliuliza nchini ilikuwa ya mwaka 1967. Banks ameandika akiwa Marekani, ambako takwimu za shule hukusanywa kwa rangi na asili ya mwanafunzi. Makundi yale hayahamishiki. Chemba utakuta mtoto baba Mrangi, mama Msandawe. Uliza nyumbani wanaongea lugha gani, jibu hilo ndilo lina uzito darasani. Kirangi na Kigogo ni lugha za Kibantu, anayezikulia ana pa kushikia anapokutana na Kiswahili cha shule. Kiburunge ni cha jamii nyingine ya lugha, ya Kikushi, na Kisandawe, chenye sauti za kugonga ulimi, kiko mbali zaidi. Wote hao wanafundishwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Banks ametaja nyanja tano za elimu ya tamaduni nyingi. Chukua moja tu, usawa katika ufundishaji, yaani mwalimu kufundisha kwa namna inayompa kila mtoto nafasi, uipime kwa macho yako.

Chora ramani ya ukaaji wa darasa moja. Kila mara mwalimu anapouliza, weka alama kwa aliyeulizwa, andika kama alinyoosha kidole au aliteuliwa, na hesabu sekunde ambazo mwalimu alisubiri kabla ya kuhamia kwa mwingine. Hizo sekunde usizidharau. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi huko Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja hivi. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Mtoto anayefikiri kwa Kisandawe na kutafuta neno la Kiswahili, sekunde moja haimtoshi.

Kisha linganisha. Tuseme darasa lina watoto 50, na 10 kati yao nyumbani wanaongea Kiburunge. Katika maswali 30 ungetarajia wapate kama 6. Wakipata 2, una la kuchunguza, lakini usikimbilie kusema ni ubaguzi. Huenda wanakaa nyuma, huenda wanatoka mbali na wanakosa vipindi vya asubuhi. Walinganishe na wenzao wa dawati la nyuma kabla hujahitimisha, na wasichana na wavulana uwahesabu kando.

Andika pia maneno yanayosemwa, hasa utani. Hapa kwetu mwanafunzi wa Kigogo akikosa daftari anaweza kuambiwa "nyie mmezoea kuomba", darasa likacheka. Wengi watakueleza ni utani wa makabila tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtani ana haki ya kujibu, tena kwa ukali uleule. Mtoto hawezi kumjibu mwalimu aliyeshika chaki. Kila ukisikia, andika nani alisema, nani alicheka, na mtoto alifanya nini baadaye: aliendelea kunyoosha kidole au alinyamaza mpaka kengele?

Baada ya kipindi, kaa na mwalimu. Usimshitaki, mwonyeshe ramani umuulize anaona nini. Huyu ameajiriwa na serikali na kupangiwa kituo. Pengine amezaliwa Bukoba, na hakuna aliyemwandaa kwa darasa la lugha nne. Maelezo yake ndiyo yatakayokupa sura ya mafunzo ya ualimu.

Ukipata muda, mwombe atembelee kaya mbili tatu, kama walimu wa Tucson, Arizona, walivyofanya na mtafiti Luis Moll na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1992. Aulize familia inajua nini: kurina asali, kupima ufuta kwa debe, kukadiria maji ya mifugo. Humo mna hesabu za kutosha kwa andalio la wiki.

Shule moja, madarasa mawili, inatosha kwa shahada ya kwanza. Barua ya chuo ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa mkurugenzi wa halmashauri hadi kwa mwalimu mkuu, na wazazi waombwe ridhaa kwa lugha wanayoielewa. Jina la shule lifiche, na la kijiji pia, maana kijiji chenye shule moja ukikitaja umeshamtaja mwalimu.