Kosa, hatia na dhambi katika majalada: kwa maafisa wapya

Vijana mnaoanza kazi za nidhamu na malalamiko katika ofisi za umma hapa Dodoma, iwe Mtumba au kwenye halmashauri za Bahi na Chamwino, nawasihi mlitumie kwa uangalifu neno "kosa", kwa sababu ni pana mno. Asili yake ni kitenzi kukosa, ambacho kina maana ya kupungukiwa, kutolenga na pia kumkosea mtu. Hivyo aliyesahau kuweka tarehe kwenye barua amefanya kosa, na aliyepokea rushwa naye ametenda kosa. Ukiandika kwamba mtumishi "ana makosa mengi", msomaji wa jalada hatajua kama unamzungumzia mzembe, mtoro au mwizi. Taja tendo, siku lilipotendeka na kanuni iliyokiukwa. Kosa la kinidhamu ni la mamlaka ya nidhamu. La jinai lina vyombo vyake, na la rushwa hupelekwa TAKUKURU.

Neno ninalolihofia zaidi ni hatia. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Naamini haki hiyo huanza kupotea kwenye maandishi yetu, pale afisa anapomwita "mkosaji" mtu ambaye bado ni mtuhumiwa, na kila anayepokea jalada baada yake akalisoma akiwa ameshaamua. Kabla ya uamuzi andika tuhuma na mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani ni mshtakiwa. Hukumu ndiyo inayomtia hatiani.

Dhambi ni neno zito, la msikitini na kanisani, linalomhusu mtu na Mungu wake. Mama akija kulalamika kwamba jirani ametenda dhambi kwa kuuza shamba lake, yanukuu maneno hayo kama alivyoyasema, maana ni yake na yana uchungu wake, kisha umuulize taratibu nani aliuza, lini, na mbele ya nani. Katika maelezo yako mwenyewe andika kwamba shamba linadaiwa kuuzwa bila idhini yake.

Uovu na ufisadi yaepukeni vivyo hivyo kwenye hati za mashtaka. Anayetuhumiwa ana haki ya kujitetea, na hakuna awezaye kuujibu "uovu". Anachoweza kujibu ni kwamba siku fulani alipokea fedha za zahanati na hakuzipeleka benki.