Weka hivyo vidonge chini, mkuu. Mimi nusura nimzike mshua

Weka chini kwanza. Umeandika kwamba bimkubwa, miaka 68, anatia chumvi kwenye chai na kuuliza jambo moja mara tano, umesoma habari za mwanasayansi anayehusisha Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, na inflamesheni ya ubongo, yaani kinga ya mwili kuwaka humo, na kesho unaanza kumpa diklofenaki, ile dawa ya maumivu na uvimbe, asubuhi na jioni. Huo ujinga nilishaufanya mimi. Mwaka juzi, Ujiji, kwa baba yangu mzazi.

Mzee alianza kupotea njia ya kutoka msikitini. Nikasoma kama ulivyosoma wewe, na sayansi yenyewe haikunidanganya. Ubongoni kuna seli zinaitwa mikroglia, sungusungu wa mtaa ule: zinasafisha takataka na kufukuza wavamizi. Kwenye Alzheimer zinakuta uchafu wa protini iitwayo amiloidi umerundikana, zinakasirika, hazirudi kulala, mwisho zinampiga hadi mwenye nyumba. Mwaka 2013 Michael Heneka na wenzake kule Ujerumani walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila NLRP3, king'ora cha seli hizo, hawakupoteza kumbukumbu kama wenzao. Panya, mkuu. Hilo neno nililiruka kama dimbwi.

Kilichonimaliza ni neno "uvimbe", maana ndivyo wengi wanavyotafsiri inflamesheni. Nikadhani ubongo umevimba kama goti. Nikaenda duka la dawa Mwanga, nikamkuta jamaa na koti lake jeupe, kalamu tatu mfukoni. Hakuuliza mzee ana miaka mingapi. Hakuuliza anameza nini kingine. "Hii inashusha uvimbe wowote. Goti, jino, hata ubongo." Hata ubongo! Na mimi, msomi wa simu, nikamwambia abaki na chenji.

Wiki ya tatu mzee akaanza kukataa chakula, hadi mgebuka wa kukaanga. Mama akasema haja yake imekuwa nyeusi. Nikamjibu ni sombe hiyo, mama. Haikuwa sombe. Ilikuwa inang'aa na kunata kama lami, na ile harufu ninayo puani mpaka leo. Kesho yake alfajiri akaanguka mlangoni mwa choo, viganja vyeupe kama karatasi. Tukampakia kwenye bajaji, akaongezewa chupa tatu za damu.

Daktari akauliza anatumia dawa gani. Nikataja diklofenaki, kwa kujiamini kabisa. "Na nyingine?" Nikasema hakuna. Mama akafungua fundo la kanga: vidonge vya presha, na aspirini ndogo ya moyo, mwaka wa sita huo anameza kila siku! Mtoto wa kwanza wa nyumba, sijui baba yangu anameza nini. Diklofenaki inapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, aspirini inazuia damu kuganda. Mzee wa miaka 74 nimemtoboa mwenyewe kwa mkono wa mapenzi. Figo nazo zikayumba, maana hizo dawa hazipatani na baadhi ya dawa za presha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jaribio langu lilishafanywa na wenye akili zao. Mwaka 2001 utafiti wa Rotterdam, watu karibu 7,000, ulionyesha waliotumia dawa za aina hiyo muda mrefu waliugua Alzheimer kwa uchache. Mwaka huohuo Marekani wakaanza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, zaidi ya 2,500, wengine naproksini, wengine selekoksibu, zote ndugu za diklofenaki, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2004 wakasitisha dawa. Hazikuzuia ugonjwa, na wasiwasi wa moyo ukajitokeza.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kabla hujaongeza kidonge hata kimoja, kusanya kila anachomeza, za hospitali, za dukani, mizizi ya jirani, tia kwenye mfuko mmoja, mwagia mezani kwa daktari. Si kumtajia. Kumwagia. Huyohuyo atakuambia apimwe nini, maana usahaulifu una sababu nyingi, nyingine zinatibika.

Uliuliza pia kama inarithiwa, na sijui nini kuhusu manjano na tangawizi, hayo wajuzi watakuja. Wewe nenda kafungue kabati la bimkubwa sasa hivi, angalia na chini ya godoro, uniandikie hapa umekuta nini.