Oda Inapofutwa: Ushauri kwa Wachoraji Wenzangu

Mchoraji anayeishi kwa kuwauzia watalii hujifunza mapema kuchora kile kinachoulizwa: twiga, tembo, Mmasai na mkuki wake, na Mlima Kilimanjaro nyuma yao. Nami nilichora hivyo kwa miaka mingi hapa Mji Mkongwe, Unguja, hadi korona ilipoingia. Mwezi Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na ingawa ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei, wageni hawakurudi kwa wingi wa awali. Hoteli moja iliyokuwa imeniagiza picha kubwa za vyumbani ikafuta oda yake, hali hadibodi, yaani vibao vyembamba vya kuchorea, zimekwisha kukatwa na kupakwa rangi ya chini.

Aliyefikwa na jambo kama hilo asijilazimishe kuiona heri siku ileile. Uchungu wa kazi iliyokataliwa ni wa kweli, na wanaokuhimiza ushukuru kabla hujapumua, hata wakiwa na nia njema, wanakunyima nafasi ya kuhuzunika. Pumzika, ila usiuze vifaa vyako kwa hasira.

Ukishatulia, tazama kilichobaki mkononi. Mimi nilibakiwa na bodi, makopo ya rangi, brashi na muda mwingi. Aliyekosekana ni mtalii, na kwa kuwa hakuwapo, hapakuwa na mtu wa kunidai twiga. Nikaanza kuchora kwa ajili ya majirani: wazee wakicheza bao barazani, ngalawa zikirudi na samaki, muuza urojo na foleni yake ya jioni. Jirani hana ukuta wa hoteli wala fedha za hoteli, kwa hiyo bodi kubwa nikazikata vipande vidogo, na udogo huo ukanifundisha jambo ambalo picha kubwa hazikuwahi kunidai, yaani kuchagua. Pale ambapo zamani ningejaza mandhari nzima, sasa palitosha mkono mmoja ulioinua kete na jicho la mpinzani wake.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na mafunzo ya chuo wala vifaa vya gharama. Alitumia hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na mng'ao wa rangi ile ukawa alama ya mtindo unaobeba jina lake hadi leo, ingawa yeye alifariki mwaka 1972. Ninaamini kwamba uhaba ule ulichangia uzuri wa kazi yake.

Sitaki kumdanganya mtu: kipato changu kilishuka, na picha za majirani hazikufidia fedha za hoteli. Lakini wageni waliporudi, ni hizo picha ndogo walizosimama kuzitazama, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuona twiga katika kila duka la njiani.

Kwa hiyo, mwenzangu ambaye oda yako imefutwa, igeuzie ukutani kazi hiyo kwa siku chache. Kisha andika ni nani mwingine anayeweza kuihitaji, kwa ukubwa gani na kwa bei gani, na uanze na yule unayeweza kumfikia kwa miguu.