Ng&#039;ombe: usiku mifugo ilipogeuka namba kwenye matokeo ya utafutaji

Skrinshoti iliingia WhatsApp saa tatu usiku, kutoka kwa mama mmoja mfugaji wa Njombe ambaye yuko nasi tangu tovuti ianze. Chini yake aliandika: "Mwanangu, mbona ng'ombe wetu mmewapa namba?" Nikaikuza picha. Alikuwa ametafuta habari za maziwa kupungua, na orodha ya maswali ilijaa vitu vya namna hii: "Ng&#039;ombe amezaa, hatoi maziwa". Mstari baada ya mstari. Mbuzi salama, kuku salama, nguruwe salama. Ng'ombe tu.

Tovuti yenyewe ni ya maswali na majibu ya wafugaji, naitunza kwa kujitolea, usiku baada ya kazi ya mchana. Programu ni huria, imeandikwa kwa lugha ya PHP na hutumia hifadhidata ya MySQL, ila ukurasa wa utafutaji niliuandika mwenyewe, kwa hiyo lawama zote humu ni zangu. Nasimulia ili wewe unayetunza tovuti ya aina hii usipoteze wikiendi mbili kama mimi.

Nilichofanya kwanza ndicho nakusihi usikifanye. Nilikimbilia hifadhidata. Nikaandika amri ya kubadilisha kila "&#039;" iwe ritifaa ya kawaida ('), nikabonyeza, ikajibu kwamba mistari 0 imebadilika. Nikadhani nimekosea amri. Nikaiandika upya, sifuri tena. Mashine ilikuwa inaniambia waziwazi kuwa data ni safi, mimi ndiye sikutaka kusikia. Bahati yangu ni hiyo sifuri, kwa sababu wala sikuwa nimechukua nakala ya akiba.

Siku hizi matokeo yakionekana vibaya siandiki amri yoyote kabla sijalitazama neno lilelile sehemu tatu: ndani ya hifadhidata, kwenye chanzo cha ukurasa (Ctrl na U kwenye kompyuta), kisha kwenye skrini. Usiku ule zingenipa hivi:

Hifadhidata: Ng'ombe
Chanzo: Ng&amp;#039;ombe
Skrini: Ng&#039;ombe

Jibu lote liko kwenye mstari wa kati. Ile "&amp;" ni alama ya vidole. Kabla maandishi ya mtumiaji hayajapelekwa kwenye kivinjari, PHP huzifunga alama zinazoweza kuleta madhara, kwa fanksheni iitwayo htmlspecialchars. Ritifaa inafungwa inakuwa &#039; na kivinjari kinaifungua, msomaji haoni kitu. Mimi nilikuwa naifunga mara mbili: mara ya kwanza kwenye fanksheni inayoandaa kichwa cha swali, mara ya pili kwenye kiolezo cha ukurasa. Mfungo wa pili uliishika ile "&" ya kwanza ukaigeuza "&amp;". Kivinjari hufungua fundo moja tu, la pili linabaki mbele ya macho ya mama wa Njombe.

Sasa, mbona msimbo huo ulikaa miaka bila tatizo? Wiki ile nilikuwa nimehamisha seva kutoka PHP 7.4 kwenda 8.1. Hadi toleo la 8.0, htmlspecialchars isipoambiwa vingine ilifunga alama mbili za usemi (") na kuiacha ritifaa ipite. Kuanzia 8.1, iliyotoka mwaka 2021, inaifunga na ritifaa pia. Kosa lilikuwepo siku zote, ila Kiswahili kililificha. Maswali yetu hayana "&" kwa sababu watu huandika "na", na alama za usemi kwenye kichwa cha swali ni nadra. Nilipopekua kumbukumbu nikakuta mtu mmoja aliwahi kulalamika kuona &quot; kwenye swali lake. Nilimjibu kwamba labda ni simu yake. Nitamwomba radhi.

Kuondoa mfungo mmoja ni kazi ya dakika moja, lakini chagua wa kuondoa. Niliuacha ule wa kwenye kiolezo, hatua ya mwisho kabisa kabla maandishi hayajatoka, na kuufuta wa ndani. Ukiifuta yote miwili ng'ombe watasomeka vizuri sana, na siku hiyo hiyo mtu akiandika msimbo wa JavaScript kwenye kichwa cha swali, utaendeshwa kwenye simu ya kila anayetafuta. Usiweke pia kiraka cha kuigeuza &#039; peke yake. Nilikiweka kwa siku tatu, kikanipa usingizi wa uongo.

Wikiendi ya pili ilikwenda kwa ndugu yake tatizo hilo. Chini ya kila swali tunaonyesha kipande kifupi cha maelezo. Baadhi ya vipande vilikuwa vinaishia na kile kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani, �. Hivyohivyo vipande, kabla ya kuhama, vilikuwa havionekani kabisa: kichwa kipo, chini patupu. Nilikuwa nakata maandishi kwenye baiti (kipimo kidogo cha data) ya 160 kwa fanksheni ya substr. Kwa Kiswahili hii haionekani kuwa kosa, maana herufi zetu zote, a hadi z, ni baiti moja kila moja. Lakini kuna ritifaa ya pili, ile iliyopinda, ’, ambayo kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, ni baiti tatu. Inaletwa na maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word, na iPhone huiweka zenyewe tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kisu kikiangukia katikati ya baiti hizo tatu, maandishi yanaharibika. PHP ya zamani ilipokutana na maandishi mabovu ilirudisha utupu bila kusema neno, mpya inaweka kialmasi. Nakipenda kialmasi kuliko utupu, angalau kinapiga kelele. Dawa ni mb_substr, inayohesabu herufi badala ya baiti.

Nikiwa humohumo nikaona kwamba ritifaa zikiwa mbili, na wengine wakiandika "ngombe" bila kitu, mtu anatafuta kwa tahajia moja anakosa maswali ya wenzake. Nikatengeneza safu ya pembeni kwa ajili ya utafutaji tu, ambamo ritifaa zote zinaondolewa, na neno analotafuta mtu linapitishwa chujio hilohilo. Mwalimu wangu wa Kiswahili angenichapa. Maandishi ya mwulizaji yenyewe sikuyagusa, na wewe usiyaguse.

Matokeo yakaongezeka, ila rangi ya njano inayolipamba neno lililotafutwa ikaanza kuteleza. Ng'ombe wa kwanza kwenye sentensi alipakwa "ng'omb", herufi e ikabaki nje. Wa pili alianza kupakwa kwenye nafasi iliyo kabla yake, ikaishia "ng'om". Wa tatu ndiyo usiseme. Nilikuwa nachukua nafasi ya neno kutoka safu isiyo na ritifaa na kuipaka kwenye maandishi yenye ritifaa, kwa hiyo kila ng'ombe aliyepita alisogeza rangi hatua moja. Sasa natafuta upya ndani ya maandishi halisi, kwa ruwaza inayoruhusu ritifaa yoyote kuwepo au kutokuwepo baada ya ng. Na upakaji ufanyie maandishi ghafi, kisha funga kila kipande kando. Ukipaka baada ya kufunga, mtu akitafuta "39" atayavunja maandishi yaliyofungwa.

Mengine ni madogo. Juu imeandikwa matokeo 14 na chini unahesabu 11: unahesabu kabla ya kuyachuja maswali yaliyofichwa. Swali lililofutwa bado linaonekana: faharasa, yaani orodha ambayo utafutaji huitazama, haijasasishwa.

Nina maswali manne ya majaribio ambayo nayatafuta kila ninapogusa ukurasa ule: moja lenye ritifaa iliyonyooka, moja lenye iliyopinda, moja lenye "&" na alama za usemi, na la nne linasema "Ng'ombe anatoa < lita 5, nifanyeje?" Hilo la mwisho limeninasa mara mbili tayari.

Nilipomaliza nikamwandikia mama wa Njombe: shikamoo mama, tumerekebisha. Akanijibu marahaba, na skrinshoti mpya, 039 zote ziko palepale. Nilikuwa nimesahau kache. Seva inatunza kurasa za utafutaji zinazoombwa sana, na wake ulikuwa mmojawapo. Nikaifuta, nikamwomba aufungue tena ukurasa. Akakaa kimya kama dakika kumi.

"Sasa wanasomeka, mwanangu. Wangu bado hatoi maziwa."