Pampu ya maji matamu isiyonyamaza: pima kabla ya kununua

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba pampu ya maji matamu ya mashua yako ya matanga inanguruma bila kukoma hata koki zote zikiwa zimefungwa, na kwamba maji hutoka kwa kukatikakatika, nawe unataka kujua kama ununue nyingine. Usinunue bado. Mimi nilikimbilia kununua, nikashinda siku nzima nimejikunja chini ya kitanda cha omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, nikifunga pampu mpya, na jioni ile mpya ikanguruma vilevile kama ya zamani.

Pampu hizi za volti 12 zina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na mota, valvu ndogo ndani, na swichi inayokata umeme presha ikifika kiwango chake, ambacho kwa nyingi ni kati ya bar 2 na 3. Isipokata, ama swichi imeganda, ama presha haipandi. Presha ikikosa kupanda, shuku kwanza upande wa kuvuta, yaani kati ya tangi na pampu, kwa kuwa mwanya mdogo upande huo haudondoshi hata tone: unanyonya hewa tu, na ukipapasa mipira yote ya kupitishia maji utaikuta mikavu.

Kipimo kilichonitoa gizani kilihitaji ndoo tu. Ng'oa kwenye pampu mpira unaotoka tangini, chomeka mpira mfupi mahali pake, tumbukiza ncha yake katika ndoo ya maji safi, kisha washa. Ikiwa pampu itajaza mabomba na kujizima yenyewe, basi ni nzima, na ubovu uko kati yake na tangi. Kwangu ulikuwa kwenye kifuniko cha chujio, ambako pete ya mpira ilikuwa imebanwa upande ikapinda. Kuibadilisha hakukuchukua dakika tano, na pampu ya zamani, niliyokuwa nimeilaani bure, nikairudisha kazini.

Ikiwa hata kwa ndoo haijizimi, fuata mabomba ya upande wa kusukuma, pamoja na valvu ya usalama ya tangi la maji moto, na uonje maji yaliyomo kwenye ngama, chini kabisa ya mashua yanakokusanyika maji: yakiwa matamu, umepata shahidi wa uvujaji.

Pampu isiyowaka kabisa, au inayozunguka kwa unyonge, ni suala la umeme. Pima volti kwenye nyaya za pampu yenyewe wakati swichi imewashwa na mota inadai umeme, kwa sababu waya ulioliwa na kutu huonyesha volti kamili pasipo mzigo. Betri ikisoma 12.6 na pampu 10.5, tatizo ni waya au viungio vyake.

Ile ya zamani ilikufa kweli miaka miwili baadaye: kiwambo kilichanika, maji yakapenya hadi kwenye mota. Kiwambo na valvu huuzwa peke yake, lakini mota iliyokwisha kushika kutu haistahili gharama hiyo. Wakati wa kubadilisha, toa fyuzi, funga valvu ya tangi, fungua koki ili presha iishe. Pampu mpya ikifungwa wima, kichwa kiwe chini na mota juu, ili siku itakapovuja maji yasiingie kwenye mota. Viungio vya plastiki kaza kwa mkono. Nilitumia spana mara moja nikapasua kimoja. Tumia mipira inayopinda, si bomba gumu, na usikandamize miguu ya mpira kwa skrubu, la sivyo mashua nzima itatetemeka. Fyuzi iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye pampu.

Mwisho fungua koki moja moja hadi hewa iishe, funga zote, uiache pampu ikiwa na umeme usiku kucha. Ikigutuka kwa sekunde moja mbili ilhali hakuna aliyetumia maji, bado kuna mahali panapovuja, au valvu za ndani zinarudisha maji nyuma.