Kwa nini Holden ilifungwa: barua kwa mwanangu aliye Adelaide

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniambia umepita Elizabeth, kitongoji cha huko Adelaide, ukaonyeshwa kilipokuwa kiwanda cha magari ya Holden, ukaniuliza: kama Waaustralia na fedha zao walishindwa, sisi tunaosema tutaunda magari si tunajidanganya?

Kwanza, tusiwasingizie mafundi. Holden walianza 1856 na matandiko ya farasi, wakaja kuunda bodi za magari, General Motors (GM) ya Marekani ikawachukua 1931. Novemba 1948 Waziri Mkuu Ben Chifley alizindua gari lao la kwanza, na miaka kumi baadaye, katika kila magari kumi mapya yaliyouzwa nchini humo, zaidi ya manne yalikuwa Holden. Lakini walikuwa wanalindwa na ushuru. Katikati ya miaka ya 1980, ushuru wa gari la nje ulikuwa asilimia 57.5. Serikali ikaupunguza kidogo kidogo, kufika 2010 ukawa 5, na dola yao nayo ikapanda mpaka ikalingana na ya Marekani. Gari la Thailand likawa rahisi kuliko la nyumbani.

Biashara yangu ya spea ndiyo iliyonifumbua macho. Mteja akitaka taa ya nyuma ya Toyota IST, hapa Shaurimoyo anachagua tu, na bei tunapatana. Juzi kaja mzee na Peugeot yake anatafuta shokapu. Nimepiga simu kwa kila ninayemjua, mwisho kapatikana mtu Gerezani, akataja bei mpaka mzee akacheka. Kiwanda nacho ni hivyo hivyo: mashine ya kukandamiza mlango bei yake haibadiliki, utoe milango elfu au laki, kwa hiyo ukitoa michache kila mmoja unakuwa ghali. Na soko la Australia, la watu milioni 23 hivi, lilikuwa linagawanwa na Holden, Ford na Toyota, na Mitsubishi mpaka 2008.

Utasema wangeuza nje. Waliuza! Gari lao la Commodore lilikwenda Marekani kwa jina la Pontiac G8, usukani umehamishiwa kushoto. GM ikafilisika 2009, ikaiua Pontiac, na mauzo ya G8 yakaishia hapo. Hili ndilo linalonikera kuliko ushuru: gari linaundwa Elizabeth, anayeamua yuko Detroit, makao makuu ya GM.

Mei 2013 Ford wakatangaza watafunga, Desemba Holden, Februari 2014 Toyota. Wote walinunua viti na rejeta kwa watengenezaji wale wale, na mtengenezaji akipoteza wateja wawili, huyo wa tatu hawezi kumlisha peke yake. Ford ilifunga Oktoba 2016, Toyota tarehe 3 Oktoba 2017, Holden tarehe 20 mwezi huo huo. Jina lenyewe GM ililistaafisha baadaye.

Sisi nasi tulijaribu. Pale kiwanda cha TAMCO, Kibaha, yaliunganishwa malori ya Scania kwa ushirikiano na Waswidi, kisha kazi ikasimama. Kwa hiyo jibu langu: tukianza na gari dogo la kushindana na IST ya mtumba, tunajidanganya. Tuanze na matrela, bodi za mabasi, springi za malori, vitu ambavyo barabara ya Morogoro inavimaliza kila siku na mnunuzi yuko hapa hapa.

Niulizie huko: waliokuwa wanatengeneza viti na rejeta wamehamia kazi gani? Mjomba wako ana karakana ya trela, anataka kujua.

Mama yako