Jicho jekundu lisilo na tongotongo, msilifanyie mchezo

Dada nimesoma ulivyoandika kuhusu mumeo, kwamba anavua dagaa huko Igombe, jicho la kushoto jekundu leo siku ya sita, tongotongo hamna, machozi tu yanamtiririka, na usiku akiwa ziwani zile taa za kuvulia zinamchoma mpaka anajifunika na kofia. Duka la dawa wamempa matone ya antibayotiki hayajasaidia kitu na wifi yako anasema akamuliwe maziwa ya mama. Nakujibu kwa kirefu maana jicho kama hilo mimi nimeumwa, mara mbili, na langu lilikuwa uvimbe wa ndani ya jicho unaoitwa yuveitisi.

Kwanza maziwa msimwekee. Najua hata mama zetu walifanya hivyo na wifi anasema kwa nia njema ila maziwa hayafiki ndani ya jicho, yanaweza tu kumwongezea vijidudu.

Mimi nanunua dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Mwaka 2024 mwanzoni, kipindi kile cha mlipuko wa macho mekundu, kila mtu alikuwa na jicho jekundu kwahiyo langu lilipoanza nikasema bas na mimi nimepata. Lakini wenzangu wote walikuwa wanaamka kope zimegandana, macho yote mawili, yanawasha kama yana mchanga. Mimi lilikuwa moja tu, haliwashi, linauma, maumivu ya ndani kabisa yanapanda mpaka kwenye nyusi, na jua la asubuhi likipiga kwenye maji nilikuwa natembea na khanga usoni kama bibi harusi wa zamani. Nikaenda duka la dawa, sikuangaliwa hata jicho, nikapewa matone nikatumia siku nne. Siku ya tano nasoma mzani naona namba zina ukungu, nikaziba jicho zima ndo nikajua hili jingine linaniacha.

Hospitali nikakutana na daktari wa macho, mama mmoja mtaratibu sana. Akawasha kitochi akakielekeza kwenye jicho langu ZIMA, dada niliruka, jicho bovu ndo liliuma! Akaniambia hiyo ni dalili kubwa, kwasababu mboni zote mbili zinasinyaa pamoja, ukimulika moja na nyingine inavutwa, na ile sehemu inayovutwa ndo iliyovimba. Af akanionyesha kwenye kioo wekundu wangu ulivyojikusanya kama pete kuzunguka ile duara nyeusi katikati, wakati wale wa mlipuko wekundu wao unatapakaa kote mpaka kwenye kope. Mboni ya jicho bovu ilikuwa ndogo kuliko mwenzake. Mwangalie mumeo hivyo vitu hapo nyumbani kwenye mwanga wa kutosha, ila hata usipoviona bado mpeleke.

Akaniweka kwenye ile mashine unaegesha kidevu, chumba giza. Alichoniambia sijasahau: mama unajua bati likiwa na tundu, jua linapita ndani unaona vumbi linaelea kwenye ule mwanga? Ndivyo navyoona ndani ya jicho lako. Hilo vumbi ni chembe nyeupe za damu zimemwagika kwenye maji ya mbele ya jicho, ambayo kwa kawaida ni maangavu kabisa. Ndo maana unaona ukungu, na ndo maana wa duka la dawa hawezi kulijua, bila ile mashine halionekani.

Ugonjwa wenyewe wanauita yuveitisi ya mbele. Yaani ile rangi ya jicho inayozunguka mboni (irisi) pamoja na msuli ulio nyuma yake vimevimba kwa ndani. Kuna ya katikati, ya nyuma na ya jicho lote, hizo za nyuma mara nyingi haziumi wala jicho haliwi jekundu, mtu anaona tu vidoa vinaelea na uono unapungua. Ya mbele ndo inayowapata wengi. Na kuna inayokuja ghafla kama yangu, na kuna sugu inayopitisha miezi 3, hiyo inakula kimya kimya. Wenye watoto wenye ugonjwa wa viungo kuvimba naomba mlisikie hili: mtoto anaweza kuwa nayo jicho likiwa jeupe kabisa na haliumi, kwahiyo hao wapimwe macho kila wanapopangiwa hata kama hawalalamiki.

Kuhusu chanzo niliulizwa maswali mpaka nikashangaa, naumwa jicho naulizwa kama mgongo unakakamaa asubuhi, vidonda vya mdomoni, kikohozi cha muda mrefu, mkanda wa jeshi usoni, kama nimepigwa jichoni. Vyote vina maana. TB, kaswende, virusi vya malengelenge na vya mkanda wa jeshi, pigo, na magonjwa ya kinga kujishambulia yenyewe, hayo yote yanaweza kutokea jichoni. Nikapigwa picha ya kifua, nikatolewa damu ya kaswende na ya UKIMWI. Mumeo akiambiwa vipimo hivyo asikasirike wala wewe usianze kumwangalia vibaya, wanapima kila mtu. Mimi hawakupata chochote na wengi ndo inakuwa hivyo.

Dawa ni matone ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, mwanzo kila saa nikiwa macho, nikatega alamu kwenye simu, halafu yanapunguzwa wiki hadi wiki. Pamoja na atropini ya kupanua mboni, inatuliza ule msuli na inazuia irisi isigandie kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Kwangu ilikuwa imeshaanza kuganda. Mboni ilifunguka upande mmoja, upande wa chini ikang'ang'ania, ikawa kama yai lililobonyea, na mpaka leo haijakaa duara. Hiyo ni gharama ya zile siku nne. Ikigandia pande zote maji ya jicho yanakosa pa kupita, presha ya jicho inapanda na jicho linaweza kufa.

Sasa mtu asisome hapa akakimbilia kununua steroidi mwenyewe, NAWAOMBA. Kama kuna kidonda cha malengelenge kwenye kioo cha jicho (ile sehemu angavu ya mbele) steroidi inakichochea, na hata pasipo kidonda zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, ndo maana kila nikirudi napimwa presha. Na asiache katikati. Mimi wiki ya pili jicho likawa jeupe, nikaenda zangu Ukerewe kufuata mzigo dawa nikaiacha mezani, siku ya nne lilirudi na maumivu makali kuliko ya kwanza, nililia usiku kucha kwa watu.

Kwahiyo dada, usiku wa leo asiende ziwani. Muulize pia kama kuna kitu kilimpiga au kumwingia jichoni, ndoano, kamba, kipande cha chuma, ukijua mwambie daktari mapema. Akianza kutapika, kichwa kinamuuma na anaona duara za rangi kwenye taa, hiyo inaweza kuwa presha ya jicho imepanda ghafla, msisubiri hata asubuhi. La sivyo anywe panadol, avae miwani ya jua, na kesho mdamke mpande gari la kwanza mje mjini, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, muulize kliniki ya macho. Ile chupa ya matone aliyopewa mje nayo wasome ina nini, na asiendeshe pikipiki kurudi maana wakimpanua mboni hataona vizuri siku kadhaa. Ukishajua walichosema andika hapahapa nitakuwa naangalia.